Ukipakia picha ya kitambulisho chako, inaenda kukaa wapi?

Majuzi tulikuwa na meza yetu ya huduma karibu na soko la Oloitiptip, Kilifi mjini. Maswali yalikuwa yale ya kila siku: pesa imeenda kwa namba siyo, PIN imesahaulika, simu imezama na laini yake kule Bofa. Halafu akaja mama mmoja muuza samaki, na simu si yake, ya kijana wake. Akatuambia, "Wanangu, hebu nitazamieni hapa, na mniambie ukweli."

Kwenye skrini kulikuwa na kitambulisho chake. Hakuwa ametumiwa na mtu kwa WhatsApp, la. Ilikuwa ni tovuti, na picha imefunguka wazi bila neno la siri, bila kuulizwa wewe ni nani. Kijana wake alikuwa akitafuta jina la mamake kwa Google, mchezo tu, akakutana nayo.

Mama hakuzunguka. "Hiki kitambulisho sijampa mtu mwingine ila nyinyi. Ndio nyinyi mmekitoa?"

Tulinyamaza kidogo, manake swali lake lilikuwa la haki. Tukaiangalia ile linki. Haikuwa yetu. Tukimuuliza polepole akakumbuka: miaka miwili nyuma kikundi chao cha akina mama kiliomba mkopo mahali fulani, wakaenda saiba, kijana wa saiba akajaza fomu na kupakia vitambulisho vya wote kumi na watano. Ile linki yenyewe ilieleza kisa chote. Baada ya jina la tovuti kulikuwa na neno "uploads", halafu namba yake ya kitambulisho, halafu ".jpg". Basi. Mtu anayejua kuhesabu tu angeweza kubadilisha namba moja moja na kuona vitambulisho vya watu wengine.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukitaka kuandika makala haya. Nyinyi wateja wetu mnapakia picha kila wiki: kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA, leseni ya biashara, risiti ya karo kwa ajili ya basari, skrinshoti ya malipo. Kampuni za pesa, sisi tukiwemo, tunalazimika kukujua kabla ya kukufungulia akaunti, kwa sababu ya Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Pesa ya 2009. Kwa hivyo kusema "usipakie kamwe" si ushauri, ni kukutupa. Bora ujue picha ikishatoka kwenye simu yako inapita wapi na nani anaiangalia.

Kiunzi na udongo

Tovuti nyingi sana duniani zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa PHP, iliyotoka mwaka wa 1995. Wengi wanaoandika PHP siku hizi hawaanzi na ardhi tupu, hutumia kiunzi. Ukipita Ganze ukaona nyumba ya udongo ikijengwa, utaona nguzo na fito zimesimama kwanza, zimefungwa vizuri, ndipo watu wakandike. Kiunzi cha programu ni hivyo hivyo: nguzo zimeshasimamishwa na mafundi wengine, wewe unakandika kuta zako. Kinachotumika sana kwa PHP kinaitwa Laravel, alichokitoa Mmarekani Taylor Otwell mwaka wa 2011. Vijana wengi wanaotengeneza tovuti za shule, za chama na za nyumba za wageni wanakitumia.

Nguzo zake ni nzuri. Lakini kiunzi hakikuchagulii mahali pa kuweka mlango, na mlango ndio hadithi yetu.

Ndani ya Laravel kuna folda mbili ambazo ni muhimu kwako hata kama hutaandika msimbo maishani mwako. Ya kwanza inaitwa "public". Hii ni baraza ya nyumba: chochote kilichowekwa hapo, mpita njia yeyote akiwa na linki anakiona. Ya pili inaitwa "storage". Hiyo ni chumba cha ndani, na mtandao hauingii moja kwa moja. Sasa, kuna amri moja fupi, "storage:link", ambayo fundi akiiandika hufungua mlango kutoka barazani hadi sehemu ya kile chumba cha ndani. Amri hiyo si mbaya. Ipo kwa sababu kuna picha zinazotakiwa kuonekana na kila mtu.

Chukua nyumba ya wageni pale Watamu. Tovuti yake lazima ionyeshe vyumba, bwawa na bahari. Fundi anafungua mlango, anaweka picha, zinaonekana, analipwa. Miezi sita baadaye mwenye nyumba anampigia: "Niongezee fomu, mgeni apakie pasipoti kabla hajafika." Fundi ana kazi nyingine tatu. Anaangalia folda ya picha, anaona inafanya kazi, anatupia pasipoti humo humo. Mwenye nyumba anajaribu, pasipoti inaonekana, anafurahi. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Ila pasipoti ya mgeni na picha ya kitanda sasa zinalala baraza moja.

Tunadhani picha ya yule mama ilifika Google kwa njia kama hiyo. Hatuoni dalili kwamba kuna mtu alivunja kitu. Mlango haukuwahi kufungwa.

Fundi makini hufanyaje? Karatasi za watu huziweka ile folda ya ndani isiyofunguliwa (tangu Laravel toleo la 11, mwaka wa 2024, yenyewe imeitenga na kuiita "private"). Mfanyakazi akitaka kuiona picha yako, programu humuuliza kwanza: wewe ni nani, na una ruhusa ya kuona faili la mteja huyu? Ikiridhika, humtolea picha yenyewe, au humpa linki ya muda inayokufa baada ya dakika chache.

Na jina la faili hubadilishwa. Ukipakia picha inayoitwa "ID ya mama.jpg", Laravel ikitumiwa inavyotakiwa hulitupa jina hilo na kuipa picha jina la herufi na tarakimu 40 zisizo na mpangilio. Huwezi kulibahatisha. Lakini jina gumu peke yake si kufuli. Linki inabaki kwenye historia ya kompyuta ya saiba, inatumwa kwa grupu, na yeyote aliyeipata anaingia kama mlango uko wazi. Vinahitajika vyote viwili.

Picha ambayo si picha

Hatari ya pili hailengi picha yako peke yake. Inalenga tovuti nzima, pamoja na kila mtu aliyewahi kuiamini.

Seva ya PHP ina tabia moja: ikikuta faili linaloishia na ".php" kwenye folda ya wazi, na mtu akalifungua kwa kivinjari, hailionyeshi kama picha. Inalitekeleza. Yaani inafanya kila kilichoandikwa ndani. Sasa fikiria fomu inayosema "pakia picha yako ya pasipoti", na badala ya picha mhalifu anapakia faili la amri. Likikubaliwa na kuwekwa barazani, analifungua mara moja tu, na kuanzia hapo seva inamtii yeye. Anaweza kusoma orodha ya wateja, kunakili vitambulisho vyote, au kubadilisha namba ya till inayoonyeshwa kwa wanunuzi akaweka yake. Hiyo ya mwisho hutunyima usingizi sisi watu wa malipo, kwa sababu mteja analipa, pesa inaenda, na mwenye duka anabaki akisema hajaona kitu.

Haya si mambo ya sinema. Septemba 2020 iligunduliwa kasoro kwenye programu-jalizi ya WordPress inayoitwa File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Mtu asiye na akaunti yoyote aliweza kupakia faili lake na kulitekeleza. WordPress nayo ni PHP, na ndiyo iliyo nyuma ya tovuti nyingi za maduka madogo.

Laravel je? Mwaka wa 2024 ilitangazwa kasoro kwenye Livewire, kifaa kinachotumiwa sana pamoja nayo. Matoleo ya kabla ya 2.12.7 na 3.5.2 yaliangalia kilichomo ndani ya faili, yakaridhika kwamba kinafanana na picha, lakini hayakukagua mwisho wa jina lililoletwa na mpakiaji. Ni kama askari wa lango anayekagua sura ya mgeni vizuri sana, kisha anamwachia ajiandikie mwenyewe beji ya "Meneja". Huko ndani watu wanatii beji. Faili lenye sura ya PNG na jina la kuishia ".php" lingeweza kupita. Kasoro ilirekebishwa, ila marekebisho hayajiingizi yenyewe kwenye tovuti ambayo fundi wake alishalipwa na kuondoka.

Kwa hivyo ukaguzi mzuri una hatua zaidi ya moja. Programu inasoma ndani ya faili kuona kweli ni picha au PDF. Inakagua na jinsi jina linavyoishia, na inaruhusu aina chache tu zilizotajwa. Inalipa jina jipya. Inaliweka ndani, si barazani. Na seva yenyewe inaambiwa: kwenye folda hii usitekeleze chochote, hata kikija kimevaa nini. Tovuti nyingine huichora picha upya kabisa, ili kama kulikuwa na kitu kimefichwa ndani kisibaki. Ukiuliza mbona yote hayo wakati moja ingetosha, jibu ni hiyo kasoro ya 2024: hatua moja ilipokosea, waliookoka ni wale waliokuwa na nyingine nyuma yake.

Mbona picha yangu inakataliwa?

Hili ndilo lalamiko tunalolipata zaidi kutoka kwa mawakala wapya, hasa Marereni na Mambrui ambako mtandao nao una siku zake. "Nimejaribu mara tano, inasema imefeli."

Mara nyingi ni ukubwa. PHP ikiwekwa bila kurekebishwa, hukubali faili la megabaiti 2 tu, na fomu nzima isizidi megabaiti 8. Picha ya kamera ya simu za sasa mara nyingi ni megabaiti 3, 4 au zaidi. Ukiona ukurasa mweupe wenye namba 413, maana yake ni hiyo hiyo: mzigo mkubwa, mlango mdogo. Kikomo hicho kina kazi yake, kisipokuwepo mtu mmoja anaweza kuijaza seva mpaka ikasimama. Lakini fomu ikikwambia tu "imefeli" bila kukueleza ukubwa unaotakiwa, hiyo ni uvivu wa mwenye tovuti, na tunakubali kwamba fomu yetu ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Siku hizi inakuambia.

Sababu nyingine ni aina ya faili. Simu za iPhone huhifadhi picha kwa aina ya HEIC, na fomu nyingi zinataka JPG, PNG au PDF. Usibadilishe mwisho wa jina kwa mkono ukidhani umeidanganya fomu. Faili litabaki kuwa lile lile, na ukaguzi mzuri utalikataa.

Njia rahisi: jitumie picha hiyo mwenyewe kwa WhatsApp, kama picha ya kawaida na si kama dokumenti, halafu uihifadhi upya. Inapungua ukubwa. Tena kuna faida ambayo wengi hawaijui: picha ya kamera mara nyingi hubeba ndani yake mahali ulipopigia, hadi karibu na mlango wa nyumba yako, na WhatsApp huondoa habari hizo inapotuma picha. Hakikisha tu maandishi ya kitambulisho bado yanasomeka.

Jaribu mwenyewe

Kuna jaribio dogo lisilohitaji ufundi. Ukishapakia, tovuti nyingi hukuonyesha picha yako pale kwenye akaunti. Ibonyeze kwa muda mrefu, nakili linki ya picha, kisha ifungue kwenye kivinjari kingine ambacho hujaingia kwenye akaunti yako, au kwenye simu ya mwenzako. Ikikataa au ikikuomba uingie, vizuri. Ikifunguka, ngoja kesho ujaribu tena, kwa sababu huenda ni zile linki za muda. Ikifunguka na kesho, basi picha yako iko barazani.

Na itazame linki yenyewe. Ukiona namba yako ya simu au ya kitambulisho mle ndani, hapo pana shida hata kabla hujajaribu chochote.

Tahadhari moja, na tunaisema kwa msisitizo: jaribu faili lako tu. Usianze kubadilisha namba ili uone ya jirani, hata kama nia yako ni njema. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inakataza kuingia pasipo na idhini, na maelezo ya "nilikuwa naangalia tu" hutataka kuyatoa mbele ya hakimu wa Malindi.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari je? Hiyo inakuambia kwamba picha ikiwa njiani haichunguliwi. Haisemi lolote kuhusu itakapolala ikifika. Tovuti ya yule mama ilikuwa na kufuli.

Kabla ya kubonyeza

Kitambulisho cha zamani kina jina, tarehe ya kuzaliwa, namba na sahihi, na nyuma yake wilaya, tarafa hadi lokesheni unayotoka. Tapeli akiwa na hayo, simu yake inaanza tofauti kabisa. Hakuiti "mteja", anakutajia majina yako matatu na kijiji chako, na ndipo anakuomba ile namba ya siri iliyoingia kwa SMS. Kwa hivyo iandike picha: kabla ya kupakia, tumia ile sehemu ya kuhariri picha kwenye simu uandike juu yake "Kwa maombi ya akaunti ya (jina la kampuni)" na tarehe, bila kuziba uso wala namba. Ikivuja, haitumiki kwa urahisi mahali pengine. Kampuni nyingine hukataa picha iliyoandikwa. Sisi tunakubali mradi kila kitu kinasomeka.

Skrinshoti ya ujumbe wa malipo huonyesha salio lako. Ikate. Taarifa ya miamala ya miezi sita, pamoja na ile namba ya kuifungulia inayokuja kwa SMS, ni maisha yako yote: nani unamlipa, duka gani, hospitali gani. Anayekuomba mkopo wa shilingi 3,000 kwa sharti hilo, kwanza angalia kama yumo kwenye orodha ya watoaji mikopo ya kidijitali waliopewa leseni na Benki Kuu, iko kwenye tovuti yao. PIN haipakiwi popote, wala haipigwi picha, na hapo hakuna mjadala.

Saiba: ukimaliza, ifute picha kwenye "Downloads" na kwenye kijisehemu cha taka pia, utoke kwenye WhatsApp ya kompyuta, na usimame hapo hapo mpaka uone vimetoka. Kama laini yako ni ya Safaricom, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, usingoje.

Ikishavuja

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kampuni ina nini chako, kutaka kirekebishwe, na kutaka kifutwe kama hawana tena sababu ya kukaa nacho. Data ikivuja na kuna hatari ya kukudhuru, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Anza kwa kuwaandikia wenye tovuti, na ubaki na nakala. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna. Ni bure, na sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90.

Ofisi hiyo ina meno. Septemba 2023 iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mkopeshaji mmoja wa kidijitali shilingi 2,975,000. Kesi hizo zilihusu matumizi bila idhini, hazikuhusu folda zilizoachwa wazi, lakini data ni ile ile na ofisi ni ile ile.

Yule mama tulimsaidia kuandika barua pepe pale pale mezani, na linki tukaiweka ndani. Siku ya nne picha ya mbele ikaondolewa. Ya nyuma ikaendelea kufunguka mpaka tulipompigia fundi wao, akaomba radhi, akasema ilikuwa kwenye folda nyingine na aliisahau. Tukamuuliza kuhusu wale wenzake kumi na wanne wa kikundi. Akasema anaifunga folda yote usiku huo. Asubuhi mama alijaribu linki yake kwa simu ya kijana, ikakataa, na akatuletea ujumbe wa sauti wa sekunde sita ambao nusu yake ni kicheko.